Klipu zinamsifu Buster Keaton kwa kazi isiyo yake

The General, filamu bubu (isiyo na sauti) ya vichekesho, inatimiza miaka 100. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Tokyo, Desemba 31, 1926, ikafika New York Februari 1927, na wahakiki wengi wakaipokea shingo upande. Leo mwongozaji wake na mwigizaji wake mkuu, Buster Keaton, anatazamwa na watu ambao hawajawahi kukaa wakaimaliza filamu bubu hata moja. Wanakutana naye kwenye simu, sekunde chache kwa wakati: ukuta wa nyumba unamwangukia naye anabaki amesimama kwenye tundu la dirisha, ameketi kwenye chuma cha gurudumu la treni na treni inaondoka naye. Klipu imewekewa muziki wa kisasa, rangi zimepakwa na akili mnemba, na chini yake maoni ni yale yale: jamaa alikuwa kichaa, jamaa hakuogopa kufa, enzi hizo hakukuwa na kompyuta.

Maoni hayo yana nia njema, ila yanampa sifa ya mtu mwingine. Watu wenye ujasiri wa kuanguka walijaa Hollywood miaka ya 1920 na karibu wote wamesahaulika. Keaton aliwazidi kwa uongozaji: mahali alipoweka kamera, nafasi aliyoiacha ndani ya fremu, na ubishi wake wa kutokata picha mpaka tukio liishe. Hatari ilitokana na masharti hayo. Ukishaamua kwamba mtazamaji lazima aone ukuta wote, mtu mzima na ardhi aliyosimama, kwa picha moja isiyokatwa, huna tena pa kumficha mtu wa kuanguka kwa niaba yako. Anayemsifu kwa ujasiri tu anaona gharama iliyolipwa bila kuona kilichonunuliwa.

Tuanze na huo ukuta, maana ndio unaosambazwa zaidi. Tukio limo katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Kwenye majina ya filamu mwongozaji ni Charles Reisner, ingawa mkono wa Keaton unaonekana kila kona. Ukuta wa mbele wa nyumba ulifungwa bawaba chini ili uanguke mzima mzima kama mlango. Ukuta wa namna hiyo una hesabu yake: kila sehemu hutua umbali ule ule kutoka kwenye bawaba ambao ilikuwa nao kutoka chini ulipokuwa umesimama. Tuseme, kwa mfano tu, dirisha liko mita 4 juu. Litatua mita 4 mbele, na hapo ndipo mtu asimame. Lakini mtu ana kimo. Mwenye urefu wa mita 1.65, kama Keaton, akisimama mita 4 kutoka kwenye bawaba, utosi wake uko karibu mita 4.33 kutoka kwenye bawaba ile ile, kwa mshazari. Kwa hiyo ukuta ukishuka, kichwa kinapita kwenye tundu sentimita 33 juu zaidi ya mahali ambapo visigino vitakuja kukaa. Fundi akikata dirisha kwa kupima mwili uliosimama tu, ukingo wa juu utatua kichwani. Keaton alisimulia kwamba alijiachia nafasi ya inchi mbili hivi, yaani sentimita 5, juu ya kichwa na kwenye mabega. Ukuta wenyewe, ambao husemwa ulikuwa na uzito wa tani mbili, ulifanywa mzito kwa makusudi: mashine kubwa za upepo zilikuwa zikivuma kutengeneza kimbunga, na ukuta mwepesi ungejipinda hewani ukatua kando ya alama.

Sasa tazama kamera. Iko mbali, imeelekea nyumba moja kwa moja, haitikisiki. Nyumba yote imo, Keaton ni mdogo katikati. Ingesogea hatua kumi mbele, jicho lisingeona ukuta ukianza kuachia juu, na anguko lingekuwa kishindo kisicho na chanzo. Ingekatwa katikati, mtazamaji angeshuku hila, na kwa haki. Zaidi ya hapo, klipu nyingi huanza ukuta ukiwa umeshaanza kuinama, kwa hiyo zinaacha maandalizi. Kwenye filamu, muda mfupi kabla, mtu mmoja anaruka kutoka kwenye dirisha hilo hilo na kuangukia kitanda ambacho Keaton amejificha chini yake. Yaani dirisha tumeshaoneshwa, tumelicheka, tumelisahau. Linaporudi kumwokoa mtu ambaye hajui kwamba ameokolewa, tunacheka mara ya pili kwa sababu tulishawekewa akiba. Na wazo lenyewe halikuzaliwa siku ile. Lilikwisha kutumiwa kwa kiasi kidogo katika Back Stage ya 1919 pamoja na mchekeshaji mwenzake Roscoe Arbuckle, kisha katika One Week ya 1920. Ni mchoro uliorekebishwa kwa takriban miaka tisa.

The General ndiyo filamu inayoonyesha mtindo huo kwa urefu. Inatokana na kisa cha kweli cha Aprili 12, 1862, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: majasusi wa Kaskazini wakiongozwa na James Andrews waliiba treni huko Big Shanty, Georgia, wakaikimbiza kuelekea Chattanooga wakiharibu njia nyuma yao, na watu wa Kusini wakawafukuza. William Pittenger, mmoja wa wale majasusi, aliandika kitabu. Keaton na Clyde Bruckman, anayetajwa pamoja naye kama mwongozaji, walikigeuza: shujaa akawa Johnnie Gray, dereva wa treni wa Kusini ambaye jeshi limemkataa, na anayewafukuza wezi karibu peke yake. Kiangazi cha 1926 walipiga picha Cottage Grove, Oregon, kwa sababu reli za kusombea magogo kule zilikuwa bado zinafanana na za 1862. Wanajeshi wapatao 500 wa akiba wa jimbo hilo walikodiwa. Walivaa sare za kijivu za Kusini wakapigwa picha wakikimbilia upande mmoja, kisha wakavaa za buluu za Kaskazini na kuonekana wakijifukuza wenyewe.

Kisa cha mzinga kinatosha kueleza namna Keaton alivyofikiri. Johnnie anavuta behewa lenye mzinga mfupi mnene. Mara ya kwanza anatia baruti kiduchu. Tufe linaruka kwa uvivu na kudondokea kwenye chumba cha dereva alimo yeye mwenyewe. Ili lidondokee pale na si kwingine, baruti ilibidi ipimwe kidogo kidogo. Keaton alisimulia kwamba walihesabu punje kwa kibano. Mara ya pili Johnnie anamwaga baruti kwa hasira. Utambi umeshawaka, mguu wake umenasa kwenye minyororo ya behewa, na mtikisiko wa reli unaushusha mdomo wa mzinga taratibu mpaka unamwelekea. Anajinasua, anakimbilia mbele kabisa ya treni. Hapo reli inapinda. Treni inafuata mkunjo, mzinga haujui mkunjo, na tufe linakwenda mbele moja kwa moja na kulipuka jirani na treni ya wezi. Keaton angeweza kupiga mlipuko peke yake na kuubandika baadaye. Badala yake kamera iko nyuma ya mzinga, na ndani ya picha moja tunaona mzinga, treni ya Johnnie ikitoka kwenye mstari wa hatari, na adui kule mbali. Mkunjo wa reli, kitu ambacho kilikuwepo Oregon kabla ya filamu, ndio unaomalizia mzaha. Hakuna mwigizaji anayefanya chochote cha ujasiri wakati ule. Kazi yote ilifanywa na aliyechagua sehemu ya reli.

Mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, ni mfano mwingine. Wezi wameangusha mataruma relini. Johnnie anashuka, analing'oa moja, na treni inayomfuata polepole inamzoa na kumkalisha kwenye chuma cha mbele, amelikumbatia hilo taruma zito. Mbele kuna jingine limelala juu ya reli. Analirusha la kwanza litue kwenye ncha ya la pili, la pili linabiruka kama bembea ya watoto na yote mawili yanatoka njiani. Picha ni moja. Akikosea kwa kiganja, taruma linaingia chini ya magurudumu na treni inatoka relini naye akiwa mbele yake. Kwenye chuma kinachounganisha magurudumu, ambako anakaa kwa huzuni baada ya mchumba kumkataa, hatari ilikuwa ya aina nyingine: treni ya mvuke ikifunguliwa mvuke kwa pupa, magurudumu huteleza na kuzunguka ghafla papo hapo, na aliyeketi juu ya chuma hicho hutupwa au kusagwa. Aliyestahili pongezi pale ni dereva aliyeachia mvuke kwa mkono mwepesi. Maoni ya chini ya klipu hayamtaji, na kwa kuwa kamera inamwonyesha Keaton tu akipanda na kushuka bila kutambua, hata sisi tunamsahau.

Hoja za upande wa pili zipo, na si zote nyepesi. Ya kwanza inasema klipu zinamrudisha Keaton kwao. Alizaliwa 1895, akakulia jukwaani katika maonyesho ya wazazi wake ambamo baba alimrusha huku na kule mbele ya watu. Vituko vya jukwaa lile vilikuwa vifupi, vilivyojitegemea, na filamu zake za kwanza zilikuwa za mikanda miwili, dakika ishirini na kitu. Kwa nini basi tusile kitafunwa kimoja kimoja? Nakubaliana na nusu ya hoja hii. Kituko cha mataruma kinasimama chenyewe bila maelezo, na kama klipu imemvuta kijana wa Mwanza au Mombasa aitafute filamu nzima, ambayo haihitaji mtafsiri hata kwenye kibanda umiza, basi imefanya kazi nzuri. Ila The General ilijengwa kama safari ya kwenda na kurudi. Nusu ya kwanza Johnnie anafukuza, nusu ya pili anafukuzwa kwenye reli ile ile, na vizuizi alivyowekewa anawawekea wenzake. Nusu ya kichekesho iko kwenye marudio hayo, nayo hayakatiki kwa sekunde thelathini.

Hoja ya pili ndiyo nzito: kwamba kumwita Keaton mwongozaji ni kuwadhulumu wenzake. Fred Gabourie ndiye aliyejenga na kuvunja vitu vyake. Dev Jennings na Bert Haines walishika kamera za The General. Kabla yao Elgin Lessley alipiga The Playhouse ya 1921, ambamo Keaton tisa wanaonekana pamoja jukwaani, kwa kuziba sehemu ya lenzi, kurudisha filamu nyuma na kuzungusha mpini wa kamera kwa mwendo ule ule kila mara bila kuteleza. Kosa dogo la mkono kwenye zamu ya mwisho lingeharibu zamu zote zilizotangulia. Hawa hawakuwa vibarua. Lakini hoja hii inakubaliana na dai langu zaidi ya inavyoipinga, kwa kuwa inahamisha sifa kutoka kwenye mwili unaoanguka na kuipeleka kwa wanaopanga anguko lionekane. Kilichobaki ni kuuliza nani aliwafunga wote kwenye sheria moja ya kamera ya mbali na picha isiyokatwa, na filamu za timu ile zinajibu.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo yenye mashabiki wengi: kwamba filamu za zamani zilikuwa na kasoro za mashine, na teknolojia ya leo inazitibu kwa kuzipa fremu (picha moja moja za mkanda) 60 kwa sekunde, rangi na umbo la wima. Hebu tuichukue kipande kwa kipande. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono; mzunguko mmoja wa mpini kwa kawaida ulipitisha fremu 8, kwa hiyo mizunguko miwili kwa sekunde ilitoa fremu 16. Mpiga picha wa vichekesho alipunguza mzunguko kwa makusudi mahali alipotaka mwendo uchangamke, akaurudisha mahali alipotaka uzito. Kasi ilikuwa uamuzi, na ilibadilika kutoka tukio moja hadi jingine. Programu inayojaza fremu za katikati haijui hilo. Inabuni picha ambazo hazikupigwa, inasawazisha kila kitu kiteleze kwa ulaini mmoja, na taruma lililotua kwa kishindo sasa linaelea. Pale ambapo moshi wa treni unapita mbele ya uso, mashine hubahatisha, na ukitazama kwa makini utaona ukingo wa kofia ukiyeyuka na kuungana na moshi.

Kukata picha iwe wima ni uharibifu mkubwa zaidi, na hesabu yake ni fupi. Fremu ya filamu bubu ina uwiano wa karibu 4 kwa 3. Ukiijaza kwenye skrini ya simu iliyosimama, 9 kwa 16, unabakiwa na asilimia 42 ya upana. Zaidi ya nusu ya kila picha imetupwa, na kwa Keaton nusu hiyo ndiyo yenye kichekesho. Kuna tukio Johnnie anapasua kuni juu ya behewa, kichwa chini, huku nyuma yake jeshi la Kusini likirudi nyuma lote na la Kaskazini likisonga mbele lote, naye haoni. Mkato wa wima utamfuata mtu mwenye shoka. Utabaki na mtu anayepasua kuni.

Ipo lawama nyingine isiyohusu klipu, na anayeipenda filamu hii hana budi kuikabili. Keaton aliwageuza watu wa Kusini kuwa mashujaa wa vita ambayo Kusini iliipigania ili utumwa uendelee, na utumwa wenyewe hautajwi. Alijitetea baadaye kwamba watazamaji wasingekubali kuwaona watu wa Kusini kama waovu. Huo ni utetezi wa mfanyabiashara, na haufuti kitu: katika historia, Andrews na wenzake saba walinyongwa, na baadhi ya walionusurika walikuwa wa kwanza kupewa Nishani ya Heshima ya Bunge la Marekani. Nadhani mtindo wenyewe uliurahisisha ufutaji huo. Kamera inayokaa mbali na kuangalia kila kitu kwa usawa, reli, moshi, askari wanaoanguka, hugeuza vita kuwa suala la umbali na mwendo. Mhakiki Robert Sherwood, akiandika wakati filamu ilipotoka, alilalamika kwamba ni vigumu kucheka ukiwaona watu wakiuawa vitani. Aligusa mahali ambapo mtindo huu unashindwa. Ubaridi ule ule unaofanya mzinga uchekeshe hauna namna ya kuuliza vita ni ya nini.

Kwa wanaong'ang'ania kwamba siri ilikuwa mwili wake, ushahidi wa kuwapinga ni wa kibiashara. The General iligharimu karibu dola 750,000. Picha moja tu, ya treni halisi ikianguka mtoni pamoja na daraja linaloungua, husemwa iligharimu dola 42,000. Nchini Marekani filamu iliingiza takriban dola 475,000. Joseph Schenck, mtayarishaji wake, alifunga studio, na 1928 Keaton akahamia MGM, studio kubwa ya Hollywood. The Cameraman ya mwaka huo, iliyotengenezwa akiwa bado na baadhi ya watu wake, ni nzuri. Baada ya hapo timu ikatawanywa, maandiko yakaandikwa na wengine, na wasimamizi wakaamua picha ikatwe wapi. Baadhi ya filamu zake za sauti ziliingiza fedha kuliko The General. Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi, bado anaanguka vizuri. Zitazame leo: anaanguka kwa ustadi ule ule ndani ya picha zilizopigwa karibu mno au zilizokatwa mapema mno, na hazichekeshi. MGM ilimfukuza 1933.

Haki miliki ya The General ilishaisha Marekani, kwa hiyo mwaka huu wa miaka 100 nakala zitamwagika mtandaoni, nyingi zikiwa mbovu. Nakala nzuri ina urefu wa dakika 75 hadi 80 hivi, ina mistari myeusi kushoto na kulia kwenye televisheni pana, na vichwa vya watu havigusi ukingo wa juu. Ikiwa imejaza skrini yote, imekatwa. Kwenye simu, ilaze. Kwenye televisheni, ingia kwenye mipangilio ya picha uzime kipengele cha kulainisha mwendo, ambacho kampuni nyingi huuza kikiwa kimewashwa. Kisha, kabla ya daraja kuanguka, mtazame yule afisa wa Kaskazini anayemhakikishia dereva kwamba moto haujalidhoofisha daraja vya kutosha kuizuia treni. Keaton alilipia treni nzima, lakini ili kicheko kipatikane alimrudia afisa huyo mara moja baada ya anguko, uso umekauka, kabla ya kutoa amri nyingine.